Siku Tisini za Mkwe

Kwenye fomu ya viza, sehemu ya sababu ya safari, mume wangu alichagua mapumziko. Nilikuwa nimekaa pembeni yake, jikoni kwetu Leipzig, nikacheka lakini sikumrekebisha. Kwenda kuonekana kwa wakwe kwa mara ya kwanza, mwaka mzima baada ya ndoa, ni mapumziko ya aina gani? Alilipa dola 50, akajibiwa kwa barua pepe kabla wiki haijaisha. Nilikumbuka viza yangu ya kwanza ya masomo: mahojiano, vyeti vilivyotafsiriwa na kugongwa mihuri, pesa za matumizi ya mwaka mzima zikiwa zimefungiwa benki. Yeye aliingia nchini kwangu kama mtu anayenunua tiketi ya sinema.

Uwanja wa ndege wa Dar es Salaam ofisa alimgongea muhuri, siku 90, kuingia mara moja, akaniangalia mimi na kusema, "Karibu sana shemeji." Hayo ndiyo mapokezi ya nchi yangu. Unaitwa shemeji na hapo hapo unahesabiwa siku.

Mbinga mwezi Juni ni baridi, na watu wanachuma kahawa. Baba alitupokea amevaa koti lake la kanisani, akamshika mkwe mkono kwa mikono yake miwili, na kesho yake asubuhi, kabla hata mgeni hajamaliza chai, akamchukua kwenda kuona ntambo wetu. Sisi Wamatengo tukisema ntambo tunamaanisha mgongo mzima wa mlima ambao ukoo mmoja umekaa na kulima. Nilifuata nyuma kutafsiri. Baba alimwonyesha ngoro: mashimo yaliyopangwa mteremko mzima kama sega la nyuki, nyasi zikiwa zimezikwa chini ya kingo zake, mvua ikinyesha maji yanatulia shimoni badala ya kuondoka na udongo. Alieleza kwamba wanaume hufyeka na kulaza nyasi, wanawake hufukia. Mume wangu aliuliza nani ana kazi kubwa zaidi. Sikutafsiri swali hilo mpaka tulipofika nyumbani, mbele ya mama.

Tulipofika kwenye kahawa ya chini, karibu na kijito, Baba alisimama.

"Mwambie, kuanzia mgomba ule mpaka hapa ni chake."

Niliyameza maneno kwanza. Tangu nikiwa mdogo nimesikia kwamba mtoto wa kike hapewi shamba kwa sababu ataondoka na kwenda kulima kwa watu. Kaka zangu wote wamepewa. Na sasa kipande kilikuwa kinapita juu ya kichwa changu kwenda kwa mtu aliyekuwa na siku mbili tu wilayani.

"Baba, hawezi. Asiye raia hapewi ardhi, labda ya uwekezaji."

"Basi achukue uraia. Si ameoa hapa?"

Hapo nikabaki natafuta pa kuanzia. Wifi yangu, mke wa kaka, ametoka Malawi, ng'ambo ya ziwa. Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 inampa yeye njia ya kuomba uraia kwa sababu ameolewa na Mtanzania. Mwanaume aliyemwoa Mtanzania haimpi njia hiyo. Kaka yangu akioa, anaweza kuleta raia. Mimi nikiolewa, naleta mtalii.

Baba alikaa juu ya jiwe. Alifikiri muda mrefu, anachezea tunda la kahawa, halafu akasema, kwa sauti ya mtu anayelipa deni asilolikubali, "Basi liandikwe jina lako."

Nimelifurahia shamba lile. Ila bado sijajua nimpe shukrani nani: baba, au ubaguzi wa sheria.

Wiki iliyofuata tulishuka ziwani, Liuli, kwa wajomba. Lami inakufikisha Mbamba Bay, mbele ni vumbi. Liuli ina miamba iliyowakumbusha Wajerumani sanamu ya Sphinx ya Misri, wakaiita bandari Sphinxhafen. Hapo ndipo Agosti 1914 meli ya Waingereza, Guendolen, iliishambulia meli ya Kijerumani Hermann von Wissmann ikiwa nchi kavu inatengenezwa. Mjomba, mvuvi, aliisimulia habari hiyo yote akimwangalia mkwe machoni, halafu akauliza kama babu zake walijaza fomu walipokuja. Mume wangu akawa mwekundu. Mama alimwongezea usipa kwenye sahani, ndiyo namna yake ya kumtetea mtu.

Jioni alitaka kuogelea. Mjomba akamwonya asiende mbali. Si mamba tu. Kwa madai ya Malawi, yanayotegemea mkataba wa Wajerumani na Waingereza wa mwaka 1890, mpaka uko ufukweni na maji yote ni yao. Tanzania inasema mpaka uko katikati ya ziwa. "Ukilowa magoti, kwa wenzetu umeshatoka Tanzania," alisema, "na viza yako ni ya kuingia mara moja." Ufuko mzima ulicheka. Wifi yangu alikuwa amesimama ndani ya maji mpaka kiunoni, anaosha masufuria, haulizwi na mtu.

Likizo za Leipzig si ndefu. Siku ya 28 tulikuwa stendi ya Mbinga saa kumi na moja alfajiri, Baba amebeba mfuko wa kahawa aliyoikaanga mama.

"Walimpa ngapi?" aliniuliza.

"Tisini."

"Na ametumia?"

"Ishirini na nane."

Alihesabu kimyakimya. Kondakta alikuwa anapiga bati la basi.

"Hizo sitini na mbili," akasema, "wanamtunzia?"