Kocha wa vyuo vidogo na baba mdogo wangu

Wadau, leo tuwaache Simba na Yanga wapumzike kidogo.

Mei 21, 2011, nikiwa bado mwanafunzi wa sekondari, baba mdogo alinichukua tukapanda Kosta kutoka Moshi mpaka Arusha, uwanja wa Sheikh Amri Abeid. Tulikwenda kuangalia mpira ambao hakuna aliyeujua. Chuo Kikuu cha Drake, cha Iowa kule Marekani, kilikuwa kinacheza na vijana waliochaguliwa kutoka vyuo binafsi vya Mexico. Futiboli ya Kimarekani, hapa hapa kwetu! Wakaiita Global Kilimanjaro Bowl. Helmeti, mabega makubwa ya plastiki, mpira umechongoka huku na huku, na kila baada ya sekunde chache mchezo unasimama.

"Mwanangu, hawa mbona wanapumzika kuliko wanavyocheza?" akauliza baba mdogo. Sikuwa na jibu.

Drake wakashinda 17-7, na baadaye vijana wale wakapanda Mlima. Lakini njiani kurudi, baba mdogo hakuzungumzia mechi. Alikuwa anamfikiria kocha. "Yule mzungu wa pembeni, analipwa na nani?" Kwake hilo lilikuwa swali zito, maana yeye kwa miaka mingi alifundisha watoto wa Mabogini mpira wa miguu jioni, wakitoka kwenye majaruba ya mpunga, na hakuna aliyemlipa hata senti tano.

Nimekuja kuwa mwandishi, nikalitafutia jibu. Yule kocha ni Chris Creighton. Alianza kuwa kocha mkuu mwaka 1997 Chuo Kikuu cha Ottawa (kipo Kansas, sio Canada, mimi pia nilichanganya). Hapo alishinda mechi 32, akafungwa 9. Mwaka 2001 akaenda Wabash, chuo cha wavulana watupu huko Indiana, wanafunzi hawafiki hata 1,000: akashinda 63, akafungwa 15. Drake alikuwepo kuanzia 2008 mpaka 2013, kwenye ligi ambayo mchezaji hapewi udhamini wa masomo kwa sababu ya mpira. Yaani wale tuliowaona Arusha walikuwa wanafunzi kama wanafunzi wengine.

Halafu mwaka 2014 akachukua Eastern Michigan, timu ya ngazi ya juu iliyozoea vipigo. Misimu miwili ya kwanza alishinda mechi 3, akafungwa 21. Ishirini na moja, jamani! Bongo kocha huyo angekuwa ameshapandishwa basi kabla ya Krismasi. Kule wakamwacha afanye kazi. Mwaka 2016 akashinda 7, timu ikaenda kwenye mechi ya heshima ya mwisho wa msimu kwa mara ya kwanza tangu 1987. Ilifungwa 24-20 huko Bahamas. Desemba 2022 ndipo ikashinda moja ya mechi hizo, 41-27 dhidi ya San José State, ya kwanza tangu huo huo 1987.

Baba mdogo yeye alifungwa mechi 3 tu kwenye mashindano ya kata. Wakubwa fulani wakasema timu apewe mtu mwenye "mbinu za kisasa". Akakabidhi mipira miwili na filimbi, akarudi kwenye mpunga wake. Wakati huo nilikuwa nimeshaanza kazi ya habari, na sikuandika hata mstari mmoja. Niliona ni habari ndogo.

Ndio maana juzi nilikwenda Mabogini na daftari. Nikamsomea rekodi ya Creighton mwaka kwa mwaka, akasikiliza kwa makini, hasa pale kwenye 21. Akaomba nirudie.

"Na wewe, baba, umeshinda ngapi?"

Hakumbuki. Akaanza kunitajia watoto, mmoja mmoja: huyu fundi gereji Pasua, huyu yuko TPC, huyu alifariki, na huyu aliondoka na viatu vyake vya mpira mpaka leo hajavirudisha. Nimejaza kurasa nne, na bado hajamaliza.