Leseni ya Iowa, Mgongo wa Upare

Kiropraktiki, yaani tiba ya kunyoosha pingili za uti wa mgongo na viungo vingine kwa mikono pasipo dawa wala kisu, ilianzia mjini Davenport, katika jimbo la Iowa nchini Marekani, mwaka 1895, Daniel David Palmer alipomtibu Harvey Lillard, aliyekuwa mfanyakazi wa usafi katika jengo lililokuwa na ofisi yake. Nadharia ya Palmer kwamba karibu maradhi yote hutokana na pingili zilizohama mahali pake haikupata kibali cha sayansi, ingawa kwa maumivu ya kawaida ya kiuno tiba yenyewe imeonekana kuwa na manufaa ya kadiri. Kansas iliiruhusu kisheria mwaka 1913, ikiwa ya kwanza, na Louisiana ikafuata mwaka 1974, ikiwa jimbo la mwisho kabisa. Katika miaka hiyo 61 kila jimbo lilijijengea lango lake na kumweka bawabu wake.

Kwa kuwa ruhusa ilitoka jimbo baada ya jimbo, leseni nayo ilibaki mali ya jimbo, hata mtu aliyetibu kwa miaka 20 huko Iowa hana haki ya kugusa mgongo wa mgonjwa katika jimbo la jirani mpaka bodi ya huko imkubali. Inafaa hapa kutenganisha mambo mawili ambayo katika mazungumzo ya kila siku huchanganywa: shahada, inayoeleza kile alichosoma mtu na isiyopotea avukapo mpaka, na leseni, ambayo ni ruhusa ya mamlaka ya mahali fulani kwa mtu kufanya kazi mahali hapo, chini ya macho ya mamlaka hiyo. Mhitimu mpya hupitia mitihani ya sehemu 4 ya Bodi ya Taifa ya Watahini wa Kiropraktiki, iliyoundwa mwaka 1963, ambayo huanzia kwenye sayansi za msingi za mwili na kuishia kwenye vitendo. Kumrudisha tabibu mwenye mvi kwenye maswali ya kemia ya mwaka wa kwanza, hata hivyo, ni kupima kumbukumbu yake tu, na ndiyo maana bodi hiyohiyo hutunga mtihani maalumu, ujulikanao kwa kifupi kama SPEC, kwa ajili ya wale waliokwisha kupewa leseni, wakaitumia, na sasa wanahama au wanarejea kazini.

Mtihani huo huandamana na vitu viwili. Cha kwanza ni barua ya uthibitisho kutoka bodi ya jimbo anakotoka, inayosema kwamba mhusika hana doa wala kesi ya nidhamu. Na ili barua hiyo isiwe neno tupu, shirikisho la bodi za majimbo hutunza kumbukumbu ya pamoja ya adhabu zilizotolewa, hivi kwamba aliyefutwa huku hawezi kujifanya mgeni kule. Cha pili, katika majimbo mengi, ni mtihani wa sheria za jimbo lenyewe, na huu si urasimu wa bure, maana mipaka ya kazi hutofautiana mno: Oregon humruhusu mkiropraktiki upasuaji mdogo, na New Mexico humruhusu aliyepata mafunzo ya ziada kuandika baadhi ya dawa, mambo ambayo kwingineko yangemfikisha mahakamani. Mwaka 2019 Arizona ilikwenda mbali zaidi kwa kupitisha sheria ya kuzitambua leseni za fani nyingi zilizotolewa na majimbo mengine, kwa sharti kwamba mwenye leseni amehamia huko na ameishika kwa mwaka mmoja au zaidi. Uingereza, kwa upande wake, ina sajili moja kwa nchi nzima chini ya Sheria ya Wakiropraktiki ya mwaka 1994, na aliyesomea nje ya mfumo wake hupimwa umahiri kabla jina lake halijaandikwa.

Msomaji wa Same, huko Upare mkoani Kilimanjaro, anaweza kudhani kwamba mambo ya majimbo na malango ni ya Wamarekani peke yao, ilhali yapo ndani ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania yenyewe. Afya haimo katika orodha ya mambo ya Muungano, na kwa sababu hiyo chombo kinachosajili madaktari wa Bara kingali kinaitwa Baraza la Madaktari Tanganyika, jina ambalo wengi hulidhani ni masalia ya ukoloni yaliyosahauliwa, kumbe linasema kweli kuhusu mamlaka ya baraza hilo. Zanzibar ina sheria zake na sajili zake. Kuvuka bahari kutoka Tanga kwenda Pemba, kwa anayetibu watu, ni kuhama milki.

Kiropraktiki haina sheria yake peke yake upande wa Bara. Mlango ulio karibu nayo ni Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala Na. 23 ya mwaka 2002, inayotenganisha tiba asili, iliyorithiwa katika jamii, na tiba mbadala, ambayo ina elimu yake iliyoandikwa lakini iko nje ya udaktari wa hospitali. Kwa mganga wa asili wa milimani, tuseme mzee wa Suji au Chome anayeunga mifupa na kuchua migongo, safari ya kusajiliwa huanzia nyumbani: serikali ya kijiji humthibitisha kwamba anajulikana na anatibu, kisha karatasi hupanda hadi kwa mratibu wa tiba asili wa halmashauri na kuendelea hadi kwenye baraza linalosimamia tiba hizo. Ukiitazama vizuri, barua ya mtendaji wa kijiji na ile barua ya bodi ya Iowa ni kitu kimoja kilichoandikwa kwa wino tofauti, kwani zote mbili ni ushahidi wa wale waliomwona mtu akifanya kazi kwa miaka mingi bila kuwaumiza watu.

Tatizo humkuta Mpare aliyeondoka kijana, akasoma na kutibu Marekani, kisha akataka kurudi Same. Mtendaji wa kwao anamjua baba yake lakini hajawahi kuiona kazi yake. Walioiona wako ng'ambo. Ikiwa alichukua uraia wa Marekani akiwa mtu mzima, amepoteza ule wa Tanzania, kwa hiyo sheria ya mwaka 2015 ya ajira za wasio raia humhesabu mgeni katika mji ambao shangazi zake wangali wakiuza tangawizi. Hata Jumuiya ya Afrika Mashariki haimsaidii: mikataba ya kutambuliana iliyotokana na Soko la Pamoja, lililoanza kutumika Julai 1, 2010, imewafikia wahasibu, wasanifu majengo, wahandisi na madaktari wa mifugo. Mgongo wa ng'ombe, kwa maneno mengine, una mkataba.

Ingekuwa rahisi kuhitimisha kwamba dawa ni kuiga Arizona na kumfungulia mlango kila mwenye leseni ya ng'ambo, lakini hoja hiyo husahau kwamba uzoefu hupatikana kwa wagonjwa wa mahali fulani. Aliyetibu Davenport kwa miaka 20 ameona maelfu ya viuno vilivyochoshwa na viti vya ofisini na usukani wa gari. Huenda hajaona hata mgonjwa mmoja wa kifua kikuu cha uti wa mgongo, ambacho hula pingili polepole hadi zikaporomoka, na ambacho mkono wa nguvu unaweza kukigeuza kuwa kupooza. Mkoa wa Kilimanjaro una hospitali ya Kibong'oto, ambayo imekuwa ikipokea wagonjwa wa kifua kikuu tangu miaka ya 1920, na katika tambarare za wafugaji chini ya milima ya Pare kuna homa ya brusela, itokayo kwa mifugo na maziwa mabichi, ambayo nayo huingia mgongoni na kufanana na uchovu wa mizigo. Mizigo yenyewe ipo kweli, kwa kuwa kuni, ndizi na tangawizi ya Mamba Miamba hupita kichwani na mabegani kwenye miteremko mikali, na hiyo ndiyo hatari: sababu ya kawaida ya maumivu iko wazi kiasi cha kuificha ile isiyo ya kawaida.

Kinachoweza kuchukuliwa kutoka ng'ambo, basi, ni ule utaratibu wa kumwuliza mzoefu yale tu ambayo uzoefu wake haukumfundisha. Mtihani mfupi wa namna hiyo ungeweza kutungwa kwa Kiswahili na wataalamu wa hospitali ya KCMC mjini Moshi, ambako wafiziotherapia hufundishwa, pamoja na waratibu wa tiba asili wa wilaya, na swali lake mojawapo lingemhusu mama wa milimani mwenye miaka 40, anayekonda, anayetokwa na jasho usiku, ambaye mgongo wake haupoi hata akilala. Jibu sahihi ni kutouminya mgongo huo kabisa, na kuandika barua ya rufaa siku hiyohiyo.