Ujumbe kwa Mzee

Kuna kitabu kilichonikera hata nikakifungia sandukuni, mbali na vitabu vingine. Kitabu hicho ni Mzingile cha Euphrase Kezilahabi, kilichotoka mwaka 1991.

Hapa Lagangabilili, enzi hizo tukiwa bado wilaya ya Bariadi, mkoani Shinyanga, tulimsoma Kezilahabi kama jirani yetu. Alizaliwa Ukerewe mwaka 1944, na katika Rosa Mistika (1971) aliandika juu ya watu tuliowajua: baba mkali, binti aliyebanwa mno, dhiki ya nyumbani. Kisha mwaka 1990 ikaja Nagona, safari ya ajabu kama ndoto. Sikuielewa yote, lakini nilijiambia kwamba kitabu kitakachofuata kitafungua fundo. Nikangoja msimu wa pamba, nikapata fedha, nikaagiza Mzingile kutoka Mwanza.

Loo! Kilikuja kijitabu chembamba, nacho hakikufungua kitu. Mtu anatumwa kumpelekea mzee habari za kifo cha mwanawe, na pale nilipotaka kilio, sikupata kilio. Nilijiona nimepunjwa, kama mkulima aliyepimiwa pamba yake kwa mizani mbovu.

Miaka ilipita. Kaka yangu akafia mjini, na mimi ndimi niliyetumwa kwa Baba. Nilimkuta zizini akimtazama ndama mgonjwa. Nilipomaliza kusema, alinyamaza, kisha akaniuliza kama ng'ombe wamekwisha kunywa maji. Nilimchukia siku nzima. Usiku nilitoka nje, nikamsikia akilia peke yake nyuma ya zizi.

Sisemi kwamba tangu hapo nilikielewa kitabu kile. Mzee wa Kezilahabi si baba yangu, na hadi leo naona sisi wasomaji wa kawaida tuliachwa njiani. Lakini asubuhi ile nilikitoa sandukuni. Nilikuwa nimekidai kitabu majibu, na vivyo hivyo nilikuwa nimemdai Baba machozi, tena ayatoe mbele yangu.

Kezilahabi alifariki mwaka 2020. Baba alimtangulia. Mzingile sasa kimesimama karibu na Rosa Mistika, na kila mwaka baada ya mavuno nakisoma tena. Bado hakijanifurahisha.