Apareyi Mbili Mbele ya Kuta za Makwacha

Kikundi chetu kimemaliza kuchanga feza ya apareyi ya picha. Likelemba ya miezi yote hii imetosha kununua moja tu, na wauzaji wametuonyesha mbili ambazo bei zake zinakaribiana. Ya kwanza ni ya zamani, ya mafundi wa kazi: Canon EOS 5D Mark II, aina iliyotoka mwaka 2008, na hii imekwisha kufanya kazi katika studio ya mtu. Ya pili ni mpya, ya watu wanaoanza: Canon EOS R50, iliyotoka mwaka 2023. Mkutano mzima tulibishana bila kufika mahali. Basi tuliomba tupewe zote mbili kwa siku moja, tukaenda nazo Makwacha.

Wengi wenu mnalijua jina hilo. Makwacha ni kijiji cha Walamba, kusini ya Lubumbashi, katika teritware ya Kipushi. Huko wakati wa kiangazi wanawake hupaka upya kuta za nyumba zao kwa udongo wa rangi unaotoka katika ardhi yao wenyewe. Huchora maua, wanyama, watu na mapambo ya mistari. Mvua zikirudi, kidogo kidogo zinafuta kazi yote. Kiangazi kinachofuata wanaanza tena, na mchoro wa mwaka jana haurudi. Ndiyo sababu tulichagua kwenda huko. Mahali ambapo kazi ya mama inaishi msimu mmoja, picha inakuwa akiba.

Tulitoka mjini asubuhi na mapema. Nyuma yetu kulibaki bomba refu la moshi la Gécamines na ule mlima mweusi wa mabaki ya shaba, vitu viwili ambavyo kila mtoto wa Lubumbashi anavijua hata kabla ya kujua kusoma. Mpiga picha wa hapa kwetu, Sammy Baloji, aliyezaliwa Lubumbashi mwaka 1978, alichukua picha za zamani za wafanyakazi wa migodi akaziunganisha na picha za viwanda vilivyobomoka. Watu wale walikuwa wamepigwa picha kwa faida ya kampuni, si kwa faida yao wenyewe. Neno hilo lilizungumzwa ndani ya gari, na lilitufuata siku nzima: picha ni ya nani, ya aliyepiga au ya aliyepigwa?

Njiani tulizipima mikononi. Ile ya zamani, mwili peke yake bila betri wala lensi, ina gramu 810. Ile mpya, pamoja na betri na karte ndani, ina gramu 375. Mama mmoja kati yetu alikuwa na mtoto mgongoni katika kikwembe na mfuko wa maji begani. Alipovaa ile nzito shingoni, alitembea kidogo akaivua. Hatukuhitaji kumwuliza kwa nini.

Tofauti ya ndani ni hii. Ile ya zamani ni refleksi: ndani yake kuna kioo kinachopeleka mwanga wa lensi hadi kwenye dirisha dogo la jicho. Unaona kitu chenyewe, kama kupitia dirisha la nyumba. Ukibonyeza, kioo kinaruka juu na picha inachukuliwa. Ile mpya wauzaji wanaiita hibridi: haina kioo. Sehemu inayopokea picha inafanya kazi wakati wote, na wewe unatazama skrini ndogo inayoonyesha picha jinsi itakavyotoka.

Maana ya jambo hilo tuliiona mbele ya ukuta wa kwanza. Ukuta ulikuwa umepakwa udongo mweupe, jua lilikuwa kali, na mwenye nyumba alisimama mbele ya mchoro wake. Kila apareyi, ya zamani au mpya, ikiona weupe mwingi inadhani mwanga umezidi, inapunguza. Ukuta unatoka wa kijivu na uso wa mama mweusi unakuwa kivuli, macho hayaonekani. Dawa yake ni kuongeza mwanga kwa gurudumu au kitufe, hatua moja au moja na nusu, mpaka uso uonekane. Kwenye refleksi unabonyeza kwanza, unatazama nyuma, unarekebisha, unabonyeza tena. Fundi mwenye uzoefu anajua mapema ni kiasi gani cha kuongeza. Kwenye hibridi unaona uso ukifunguka ndani ya skrini kabla ya kubonyeza. Mama ambaye hajawahi kushika apareyi alifaulu mara ya kwanza.

Halafu tuliingia jikoni, nyumba ndogo ya udongo yenye mlango mmoja, moshi wa makala na mwanga wa kushoto tu. Hapo mambo yaligeuka. Ile ya zamani ina sehemu ya kupokea picha yenye milimita 36 kwa 24. Ya hibridi hii ni ndogo, eneo lake halifiki nusu ya ile. Zaidi ya hapo, refleksi ilikuja na lensi ya milimita 50 yenye uwazi wa f/1.8. Hibridi ilikuja na lensi ya kuvuta ya milimita 18 hadi 45, ambayo ukiivuta hadi mwisho uwazi wake ni f/6.3. Kwa maneno ya kawaida, lensi ile ya kwanza inaingiza mwanga zaidi ya mara kumi. Mikono ya nyanya aliyekuwa akikoroga bukari ilitoka safi kwenye ile ya zamani, na mvuke ukionekana. Kwenye ile mpya iliwezekana pia, sababu teknolojia yake ni changa kwa miaka 15 na inavumilia giza vizuri, lakini rangi zilikuwa na punje nyingi kidogo. Mwenye kusema kwamba kipya kinashinda kila mahali hajaingia jikoni.

Lakini sikilizeni vizuri, mama: ushindi ule ulikuwa hasa wa lensi. Lensi za zamani za Canon za aina ya EF zinaweza kuvaliwa kwenye hibridi hii kwa kipande cha kuunganisha kinachouzwa pembeni. Kumbe mkiwa na lensi nzuri, hamfungwi na mwili mmoja.

Mchana watoto walianza kucheza uwanjani. Refleksi ile ina alama 9 za kulenga, zimekusanyika katikati. Lazima uweke alama juu ya mtoto na umfuate. Hibridi inatafuta uso na jicho yenyewe, hata pembeni kabisa. Kwa watoto wanaokimbia, mtu asiyezoea atapata nyingi zilizo wazi kwa ile mpya. Inaweza pia kupiga kimya kabisa, jambo zuri kanisani, kwenye kilio, au mtoto akiwa amelala. Ila kwa njia hiyo ya kimya, kitu kinachokwenda mbio kama mchi wa kinu kinaweza kuonekana kimepinda. Ya zamani inalia ‘klak’, na kila mtu anageuka.

Vumbi la kiangazi nalo lina neno lake. Mwili wa ile ya zamani ni wa chuma chepesi, umefungwa vizuri kuliko ule wa plastiki wa ile mpya. Na ukitoa lensi ya hibridi nje, sehemu ya kupokea picha iko wazi papo hapo. Badilisheni lensi ndani ya nyumba au chini ya kikwembe, apareyi ikitazama chini.

Umeme pia. Betri ya refleksi ile, kwa hesabu ya watengenezaji, inapiga picha kama 850. Ya hibridi hii inafika karibu nusu yake tu, sababu skrini inakula moto muda wote. Kwenda kijijini na betri moja ya hibridi ni sawa na kwenda shambani na jembe lisilo na mpini wa akiba.

Saa za mchana zilipokwisha, mwenye ule ukuta mweupe alituuliza kama picha yake tutaondoka nayo. Ile ya zamani haina njia ya kutuma picha kwa simu. Inatumia karte ya CompactFlash, ambayo siku hizi si rahisi kuipata, na inahitaji ordinateri. Jibu lake lingekuwa: tutakuletea siku nyingine. Ile mpya ilitumana na simu yetu bila waya, na simu yetu ikatuma kwa ya binti yake. Kabla hatujapanda gari, picha ilikuwa imekwisha kuzunguka uwanja mzima, na wakina mama walikuwa wakibishana ni ukuta wa nani uliotoka vizuri.

Hapo ndipo sisi tulipoamua. Katika kikundi chetu yupo dada mmoja anayejua kazi ya picha na anayeishi kwayo. Yeye alitetea ile ya zamani mpaka mwisho, na maneno yake yalikuwa ya kweli: mkononi mwa fundi, inatoa picha za arusi na za ndani ya nyumba ambazo ile mpya haizifikii bila lensi nyingine. Angekuwa ananunua kwa kazi yake, tungemwambia aichukue. Lakini apareyi ya kikundi ni jambo jingine. Ikiwa nzito na ngumu, itabaki kwa mtu mmoja, na sisi wengine tutarudi kuwa watu wa kupigwa picha tu. Tumechagua ile ambayo kila mama anaweza kuishika na kurudisha picha siku ileile.

Kwa vikundi vingine vinavyofikiri kununua, shikeni haya:

Kama ni ya zamani, ulizeni imebonyezwa mara ngapi. Kifunga-mwanga cha 5D Mark II kilipimwa kwa mara 150,000. Kikikaribia hapo, punguzeni bei au ondokeni. Tazameni ndani ya lensi kwa tochi ya simu: ukungu unaonekana kama nyuzi za buibui. Jaribuni karte, betri na flashi palepale dukani.

Kama ni mpya, hesabuni betri ya pili katika bei tangu mwanzo. Feza ya raundi inayofuata ya likelemba isinunue apareyi nyingine, inunue lensi yenye uwazi mkubwa, kwa ajili ya jikoni zetu.

Na kwa yoyote mtakayoichukua, wekeni sheria hii katika daftari la kikundi, kama sisi tulivyoiweka: hakuna anayepigwa picha bila kuulizwa, na hakuna picha inayolala kabla mwenye uso hajaipata. Mvua zitarudi Makwacha, na kuta zitafutika kama kila mwaka. Mwaka huu wenyewe wanazo.