Farasi Mwenye Jina

Ukutani mwa sebule yangu nimetundika nakala ya mchoro wa farasi wa mashindano wa Uingereza. Niliinunua nilipokuwa masomoni huko, nikiwa na fedha kidogo na hamu kubwa ya kuonekana msomi. Aliyeichora asili yake ni George Stubbs, mwaka 1800, umri wake ukiwa umepita miaka 70. Farasi anaitwa Hambletonian.

Mwaka uliotangulia, huko Newmarket, Hambletonian alimshinda Diamond kwa nusu ya shingo, katika shindano la maili nne lililowekewa dau la gini 3,000. Alichapwa mijeledi na kuchomwa ubavuni hadi akavuja damu. Mmiliki wake, Sir Henry Vane-Tempest, alitaka kumbukumbu ya ushindi. Stubbs akamchorea mnyama aliyechoka, anayefutwa jasho, pasipo umati wala shangwe. Wakagombana juu ya malipo hadi mahakamani, na mchoraji akashinda.

Kwa miaka mingi nimewasimulia wageni habari hiyo, nami nikijiona mwerevu. Juma lililopita alikuja mwanafunzi wangu mmoja kuchukua sura ya tasnifu niliyomsahihishia. Akasimama mbele ya mchoro.

"Mwalimu, huyu ni nani?"

"Hambletonian."

"Samahani, Mwalimu. Si farasi. Huyu kijana."

Alimaanisha mtumishi wa zizi, aliyeweka mkono juu ya farasi, kitambaa kikiwa mkononi, akitukazia macho. Ninamjua farasi, ninamjua tajiri wake, ninalijua hata dau. Jina la kijana yule sikuwahi kulitafuta. Nilijibu kwamba zama zile watumishi hawakuhesabiwa, jibu ambalo ningelikata kwa wino mwekundu katika insha ya mwaka wa kwanza.

Akanyamaza kidogo. "Mama yangu yumo katika picha ya idara ya mwaka jana, Mwalimu. Amesimama kushoto."

Maelezo ya picha ile niliyaandika mimi: majina ya maprofesa pamoja na vyeo vyao, kisha maneno mawili, "na wahudumu".

Mchoro sijauondoa. Stubbs angalau alimgeuza kijana atutazame usoni. Mimi hata hilo sikulifanya. Jumatatu asubuhi nilishuka na kalamu na daftari kwenda kuuliza majina. Wahudumu pichani ni watano. Mmoja wao tumekuwa tukimwita "Mama Usafi" kwa miaka sita, na nilipomwuliza jina lake, kwanza aliniuliza kama amefanya kosa.