Ukuta usio na saruji: Safari ya kumwonyesha mtoto makazi ya kale

Tarime. Muulize mtoto wa darasa la tano wa Tarime au Mugumu akutajie kitu cha kale anachokijua. Huenda akakutajia makumbusho ya Mwalimu Nyerere aliyoyaona Butiama katika ziara ya shule. Ni mara chache atakutajia ukuta, boma au nyumba iliyo karibu na kwao.

Si kosa lake. Mtoto hujua alichoonyeshwa, na makazi ya kale ya eneo hili yamekuwa yakianguka kimya kimya. Jiwe moja linabebwa kwenda kujengea msingi, bati linang’olewa, mti unaota katikati ya chumba. Baada ya miaka michache hakuna cha kuonyesha.

Hata hivyo, mzazi wa Tarime au Serengeti anayetafuta pa kwenda na watoto wakati wa likizo anayo maeneo mawili yasiyo mbali, moja lililoachwa na jingine linalotunzwa. Akijaliwa nauli, lipo la tatu ng’ambo ya bahari, ambako kuna mamlaka nzima iliyoundwa kutunza mji mmoja. Yote matatu yanajibu swali moja ambalo kila familia itakutana nalo: nani anatunza nyumba baada ya waliyoijenga kuondoka?

Boma la Ikoma

Wilayani Serengeti, upande wa lango la Ikoma la Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, kuna kilima chenye magofu ya boma la Wajerumani. Lilijengwa mwanzoni mwa karne ya 20, wakati wakoloni hao walipokuwa wakieneza utawala wao hadi nyanda hizi. Vita Kuu ya Kwanza ilipopiganwa Afrika Mashariki, mapigano yalifika hadi Ikoma mwaka 1917. Miaka mingi baadaye pakawa na hoteli ya watalii, nayo ikafungwa.

Ukuta wa boma ulijengwa kuzuia adui, lakini hauzuii mvua. Paa likishaondoka, maji hupenya kutoka juu ya ukuta, chokaa hulainika, mizizi hupata njia. Kilichojengwa kwa nguvu nyingi hubomoka kwa sababu hakuna mtu anayelala ndani yake na kushtuka paa linapovuja.

Sheria nayo ina mpaka wake. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inayalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Yaliyojengwa baadaye, na hapo ndipo yalipo maboma ya Wajerumani, huhitaji tangazo la Waziri. Tangazo la namna hiyo lina nguvu pale ambapo wananchi wenyewe na halmashauri yao wanalitaka, na wanajua wanalinda nini.

Mzazi anayekwenda Ikoma apitie kwanza ofisi ya kijiji kuomba mwongozo. Watoto wasipande juu ya kuta wala wasisimame chini ya ukuta uliopasuka. Viatu vya kufunika mguu ni muhimu, maana magofu ni makazi mazuri ya nyoka na nge.

Thimlich Ohinga

Eneo la pili liko ng’ambo ya mpaka. Kutoka Tarime mjini hadi Sirari ni safari fupi ya lami. Ukivuka unaingia Isebania, kisha mji wa Migori. Kilomita 46 kaskazini magharibi mwa Migori ndipo ilipo Thimlich Ohinga, kundi la maboma ya mawe ambalo UNESCO iliingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2018.

Kwa Kijaluo, ohinga ni boma au ngome, na thimlich ni msitu mnene wa kutisha. Inakadiriwa kuta hizi zilianza kujengwa karne ya 16. Zina kimo cha kati ya mita moja na nusu na mita nne na nusu, na unene wa kama mita moja. Hakuna saruji, chokaa wala udongo uliotumika kushika mawe.

Hapa ndipo mtoto hupata cha kushangaa. Mafundi walipanga ukuta wa nje na ukuta wa ndani, kisha wakajaza mawe madogo katikati, na kila jiwe likakaliwa na jingine hadi yote yakashikana. Milango ni mifupi. Mtu mzima lazima ainame ili aingie, na mgeni mwenye nia mbaya angeingia kwa kutanguliza kichwa mbele ya walinzi. Ndani yalikuwamo mazizi ya ng’ombe katikati, nyumba pembeni, na hadi leo mawe ya kusagia nafaka yapo. Mtoto wa Kikurya au Kijaluo hahitaji maelezo mengi kuelewa kwa nini familia ilale ikiizunguka mifugo yake.

Maboma haya hayakukaliwa na kabila moja wala ukoo mmoja tu. Watu walihama, wengine wakaja, na waliokuja walikarabati kuta walizozikuta badala ya kuzibomoa. Ndivyo zilivyodumu hadi karne ya 20. Amani ilipokuja, familia zilitoka kwenda kujenga nje, zikazungushia miji yao ua wa minyaa badala ya mawe. Hapo ndipo kuta zilipoanza kuugua: mizizi ikasukuma mawe, mifugo na watu wakapita juu.

Kenya ilitangaza eneo hilo kuwa mnara wa taifa mwaka 1981. Tangu hapo Makumbusho ya Taifa ya Kenya yamekuwa na dhamana ya kulitunza, lakini hayafanyi kazi hiyo peke yake. Wazee wa eneo hilo wana sauti, na ukuta ukianguka hupangwa upya kwa mawe yale yale na kwa ufundi ule ule wa kienyeji.

Kwa safari hii, uliza mapema Uhamiaji pale Sirari kuhusu hati za watoto. Beba maji ya kutosha na kofia. Ukanda wote wa Ziwa Victoria una malaria, hivyo mkilala huko, mlale ndani ya chandarua, na mtoto akipata homa baada ya kurudi apimwe siku hiyo hiyo.

Mji Mkongwe

Ikoma na Thimlich hazina wakazi leo. Kutunza mahali ambapo watu bado wanapika, wanazaa na kulipa kodi ni kazi nyingine kabisa, na kwa hilo Tanzania ina mfano wake Zanzibar.

Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe ilianzishwa mwaka 1985, na mwaka 2000 mji huo ukaingia Urithi wa Dunia. Anayetaka kujenga, kubomoa au kubadilisha nyumba humo lazima apate kibali. Wapo wanaoona ni usumbufu, lakini sababu ipo ukutani. Nyumba hizo zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko, kuta zinazopumua. Ukizipaka saruji, unyevu hufungiwa ndani. Boriti huoza, kuvu huota, na kuvu huchochea pumu kwa watoto wanaolala humo.

Baada ya Mapinduzi ya 1964, nyumba nyingi zilichukuliwa na Serikali na kugawiwa familia, mara nyingine kadhaa katika nyumba moja. Kodi ilikuwa ndogo, na ikawa vigumu kujua nani atengeneze paa ambalo ni la wote. Wanaosimamia uhifadhi wamekuwa wakihangaika na jambo hilo kwa miaka mingi.

Gharama ya kuchelewa ilionekana Desemba 25, 2020. Sehemu ya Beit al Ajaib, jumba lililojengwa na Sultan Barghash mwaka 1883, iliporomoka likiwa kwenye ukarabati, na watu wawili wakafa. Tangu hapo hakuna anayeweza kusema uhifadhi ni mapambo ya watalii. Hapo hapo mbele ya jumba hilo, katika bustani ya Forodhani iliyokarabatiwa na kufunguliwa upya mwaka 2009, familia za mjini hukaa jioni wakila urojo na kuwaangalia watoto wakiruka baharini. Sehemu inayotumika hupata wa kuisemea.

Kurudi nyumbani

Tarime na Serengeti hazina mamlaka ya aina hiyo, lakini hazijakosa pa kuanzia. Wakurya wana ritongo, kikao cha wazee ambacho tangu zamani huamua mambo ya jamii. Kama kinaweza kukaa kuhusu ng’ombe walioibwa, kinaweza pia kukaa kuhusu mawe yanayobebwa usiku kutoka boma la zamani. Halmashauri ina maofisa utamaduni. Shule zina walimu wa historia na watoto wenye miguu ya kutembea.

Mzazi naye anaweza kuanza na mji wa babu. Kabla ya kubomoa nyumba ya zamani, mpeleke mtoto kwa bibi aulize nani aliijenga, mlango ulielekea wapi na kwa nini, ng’ombe walilala upande gani. Pigeni picha mkiwa na bibi mlangoni. Kama ukuta una ufa unaoingia kidole, watoto wasilale humo, na fundi aitwe kabla ya masika.

Waliohamia Thimlich Ohinga hawakuwa na kibali cha mtu wala fedha za mfadhili. Walikuta jiwe limeanguka, wakaliokota, wakalirudisha mahali pake.