Siku Uchovu Wangu Ulipopimwa

Nilimaliza matibabu ya saratani ya matezi, aina iitwayo Hodgkin, nikiwa na miaka 16. Waliokuja kutupongeza nyumbani Morogoro walijaa mpaka uani. Mama alipika pilau, mchungaji akaomba, na kila aliyenipa mkono aliniambia nimshukuru Mungu, nirudi shule nikasome. Nami nilikuwa na hamu hiyo. Uvimbe wa shingoni ulikuwa umekwisha, nywele zimeanza kuota, picha za kifua zilikuwa safi. Hakuna aliyenidokeza kwamba kuna uchovu unaoweza kubaki baada ya saratani kuondoka, tena ukakaa miaka.

Mtu aliyelima kutwa akilala huamka na nguvu zake. Mimi nililala kwa muda wa saa kumi nikaamka nimechoka kuliko nilivyolala.

Shule yetu ilikuwa ya bweni. Kengele ililia saa kumi na moja alfajiri, tukatoka mchakamchaka, tukirudi ni usafi, kisha darasani, na usiku prepu. Sikuweza. Nilikimbia hatua chache miguu ikakataa, nikakaa kando ya uwanja huku wenzangu wakipita wakiimba. Viranja wakaandika jina langu. Mwalimu wa zamu akaniuliza mbele ya mstari, "Wewe si umepona? Sasa unatega nini?" Tangu hapo nikawa mtegaji, na jina hilo lilinifuata bwenini, jikoni, hata kanisani.

Miguu nilikuwa tayari kuivumilia. Kilichonitia hofu ni kichwa. Kabla ya kuugua hesabu ndilo lilikuwa somo langu. Sasa nilisoma swali la milinganyo, nikifika mwisho wake nimeshasahau mwanzo. Mwalimu akitoa maelekezo mawili kwa pamoja, la kwanza lilibaki, la pili likapotea. Nikaanza kuamini waliyoyasema, kwamba ugonjwa ulikuwa umenizoesha kudekezwa.

Kliniki ya ufuatiliaji nilikwenda Dar es Salaam na mama. Walinipima uzito, wakanipapasa shingo na kwapa, wakachukua damu, kisha daktari akauliza, "Unaendeleaje?" Nikajibu, "Vizuri, dokta." Ningejibu nini kingine? Sisi tumelelewa kuitikia sijambo hata homa ikiwa juu. Swali la namna hiyo, mtoto akiwa amekaa ubavuni mwa mama yake, halijawahi kufukua kitu.

Halafu siku moja tukamkuta muuguzi mwingine, mama wa makamo. Alimpa mama karatasi yake kwenye benchi la nje, mimi akanichukua chumba cha pili. "Mwanangu," akasema, "hapa hakuna jibu zuri wala baya. Niambie mwezi mmoja uliopita ulikuwaje." Maswali yalikuwa 18. Sita yalihusu uchovu kwa jumla: mwili kukosa nguvu, kushindwa kuanza jambo au kulimaliza, kuchoka hata kwa mambo unayoyapenda. Sita yalihusu usingizi na mapumziko. Sita ya mwisho yalihusu kichwa: kusikiliza, kukumbuka, kufikiri kwa wepesi, kushika mambo mawili kwa wakati mmoja. Kila swali lilikuwa na majibu matano, kuanzia haijatokea kabisa hadi karibu kila mara.

Alipofika kwenye lile la mambo mawili nilinyamaza. Sikujua kwamba kuna mtu mahali fulani aliyewahi kuliwaza swali hilo. Kama lilikuwa limeandikwa kwenye karatasi, basi kulikuwa na wengine.

Baadaye nilijifunza lilikotoka. Kipimo kile kilitengenezwa na Mmarekani James Varni na wenzake, na matokeo yake ya kwanza kwa watoto wenye saratani yalichapishwa mwaka 2002. Miaka michache kabla ya hapo, wauguzi Pamela Hinds na Marilyn Hockenberry walikuwa wamefanya jambo ambalo naliona kubwa kuliko kipimo chenyewe: waliwauliza watoto na vijana waliokuwa wakitibiwa saratani waueleze uchovu wao kwa maneno yao. Watoto wadogo waliusema zaidi kama udhaifu wa mwili. Vijana walisema unashika mwili, akili na moyo pia. Wazazi na wahudumu nao walikuwa na maelezo yao, tofauti.

Alama huhesabiwa kutoka 0 hadi 100, na kadiri zinavyopanda ndivyo uchovu unavyopungua. Zangu zilikuwa 46. Za mama, akijaza kuhusu mimi, zilikuwa 71.

Muuguzi aliziweka karatasi mbili mezani, akatuita pamoja. Mama alizitazama muda mrefu. "Mbona hukuniambia?" akauliza. Nikasema, "Ulishahangaika sana, mama." Alikuwa ameuza cherehani yake kwa ajili ya nauli na vyumba vya kupanga mjini. Ningeanzaje kumwambia kwamba mtoto aliyemrudisha nyumbani hawezi kufua shuka mpaka likaisha? Naye akaeleza kwamba likizo aliponiona nalala mchana alifurahi, akidhani mwili unajijenga. Muuguzi hakumlaumu yeyote. Alisema karatasi zote mbili ni za kweli: mama amejaza anachokiona, na mimi nimejaza ninachokisikia mwilini. Ndiyo maana wanatenganisha benchi.

Nimeyafikiria sana maneno hayo. Mzazi wa mtoto aliyenusurika anaangalia kama saratani imerudi. Asipoona uvimbe, moyo wake unatulia, na mtoto anaona utulivu huo, akaulinda kwa kunyamaza. Wanapendana, na kwa sababu hiyohiyo ukweli unakwama katikati yao.

Alama 46 hazikuwa mwisho wa habari. Daktari alizichukulia kama angechukulia homa, akatafuta sababu. Aliagiza wingi wa damu, kwa kuwa upungufu wake huchosha. Aliagiza kipimo cha moyo, kwa kuwa doksorubisini, ile dawa nyekundu ya dripu, inaweza kuudhoofisha hata miaka mingi baadaye. Aliuliza kuhusu usingizi, maumivu, na huzuni. Na kwa kuwa nilipigwa mionzi shingoni, alipima tezi iliyo chini ya koo, inayotoa homoni za kuendesha mwili. Hapo ndipo tulipokuta jambo. Tezi yangu ilikuwa imelegea. Nikaanza kunywa levothairoksini kila asubuhi, na mpaka leo nakunywa.

Kidonge kilisaidia, lakini si kwa yote. Lililobaki daktari aliliagizia kitu ambacho mama hakukipenda: kutembea. Alisema kulala kutwa hakuuondoi uchovu wa aina hii, na misuli isiyotumika huzidi kuchoka. Nilianza na mwendo mfupi jioni, barabara ya kwenda Kigurunyembe, mama akinifuata nyuma kwa wasiwasi, kisha nikauongeza kidogo kidogo. Shuleni tulipeleka barua. Mwalimu wa taaluma aliisoma mpaka mwisho, akaniondoa kwenye mchakamchaka, akaniruhusu nipumzike kabla ya prepu. Sitamsahau.

Tulipopima tena alama zilikuwa 61. Sehemu ya mwili ilikuwa imepanda, ya usingizi imepanda, ya kichwa ilikuwa palepale. Hilo nalo lilikuwa msaada, kwa sababu nilijua nikazane wapi. Nikahamishia hesabu asubuhi, nikasoma vipande vifupi, nikaandika kila nililoambiwa. Mtihani wa kidato cha nne niliufanya na kuufaulu.

Siku hizi najitolea kliniki, nakaa na vijana katika chumba kile cha pili. Shirika la Afya Duniani lilianzisha mwaka 2018 mpango wa kuhakikisha angalau asilimia 60 ya watoto wenye saratani wanapona ifikapo 2030. Naomba ufanikiwe, maana katika nchi nyingi zenye kipato kama chetu wanaopona hawafiki hata asilimia 30. Lakini wakipona watarudi kwenye kengele ya alfajiri na mwalimu wa zamu. Maswali 18 hayahitaji mashine wala umeme, na mtu anayamaliza kabla foleni ya damu haijasogea. Ninachokidai, nami nakidai kwa sauti kila ninapopewa nafasi, ni kwamba kijana aulizwe peke yake, aulizwe tena kila anaporudi kliniki, na alama zake zikiwa chini aondoke na barua ya shule mkononi siku hiyohiyo.